Kilo Sita za Masika

Ukitaka kujua kama mchezaji alifanya mazoezi likizoni, usimwulize. Atakudanganya, tena kwa upole, huku akikutazama machoni. Mwangalie akishuka ngazi. Kupanda, kila mtu hupanda. Pumzi ikimwishia atasingizia vumbi. Kushuka ndiko kazi ya mapaja, na mapaja hayajui kusema uongo. Anayetua kwa kisigino huku mkono ukitafuta ukuta, huyo alikaa miezi miwili kwenye kochi la shangazi yake. Anayeshuka kimya, magoti yamelegea kidogo, kichwa hakirukiruki, huyo mpe mpira.

Uwanja wetu wa basketi wa Katoyi uko chini ya barabara, na hufiki bila kushuka ngazi kumi na nne za mawe ya lava. Kwa miaka ishirini na kitu, kila siku ya kwanza ya maandalizi ya msimu, nilisimama pale chini na kikombe cha chai mkononi, nikijifanya naangalia moshi wa volkano ya Nyiragongo. Wasichana walidhani nawasubiri waje tuanze kazi. Mwenzao nilikuwa nimeshaanza.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaotaka kazi hii, kwa sababu naona mnaiingia na saa za mkononi zinazohesabu mapigo ya moyo, na hakuna anayewaambia habari za ngazi. Mimi nilikuwa prepa, yaani yule anayetayarisha miili ya wachezaji kabla ya ligi kuanza. Kocha anafundisha mpira. Prepa anafundisha mapafu, mapaja na tumbo. Kocha anapigiwa makofi. Prepa anachukiwa kwa wiki sita, halafu anasahauliwa mpaka mwaka unaofuata. Kama hujazoea kuchukiwa, nenda kauze simu.

Aliyenifundisha ni Muzee Bisimwa, mtu wa Bukavu kama mimi, mfupi, mkali, mwenye kofia moja tangu nimjue. Alikuwa na kamba za kurukia zilizokatwa kwenye mipira ya ndani ya magurudumu ya lori, na mpira mmoja wa basketi uliopasuka ambao aliujaza mchanga na kuushona kwa uzi wa viatu. Vifaa vyake vyote viliingia kwenye mfuko mmoja wa unga. Alikuwa na neno lake moja, na alilisema kila asubuhi kama sala.

"Mwili haikatalake kazi. Inakatalaka kushitukizwa."

Nililisikia mara elfu, nikaitikia mara elfu, na mwaka wa kwanza nilipoachiwa timu peke yangu nikafanya kinyume chake. Jumamosi ya kwanza niliwapeleka wasichana Lac Vert, ziwa dogo lililo ndani ya shimo la mlima kwenye barabara ya Sake, nikawapandisha na kuwashusha mteremko wake mara tisa. Mara tisa, siku ya kwanza! Mimi nilikuwa nimekaa kwenye jiwe na filimbi, najisikia jenerali. Walirudi wakiimba, nikajisifu.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Timu yetu karibu nzima ilikuwa ya familia za Kikatoliki, nusu wa Butembo na Beni, nusu wa upande wetu wa Bukavu, na walikuwa wakikaa pamoja kanisani, benchi mbili nzima. Ilipofika wakati wa kupiga magoti, kanisa lote likashuka, na benchi zile mbili zikabaki zimesimama kama miti. Hakuna goti lililokubali kukunjika. Masista waligeuka. Mama mmoja akapiga ishara ya msalaba. Baada ya misa padri aliniita pembeni.

"Papa Prepa, hawa batoto yako baliingia kanisa ingine?"

"Hapana, padri. Ni miye."

"Weye uliingia kanisa ingine?"

Nilimweleza habari za Lac Vert. Alicheka mpaka akashika ukuta, halafu akaniambia kwamba toba yangu ni kupiga magoti kwa ajili yao wote juma zima. Muzee Bisimwa alipopata habari hakucheka. Alinirudishia lile neno lake, nami safari hii nikalisikia.

Basi shikeni haya madogo kabla sijasahau. Wiki ya kwanza hakuna kuruka. Tembeza, kimbiza taratibu, nyoosha. Lava yetu ni ngumu, na kifundo cha mguu kilichoteguka wiki ya kwanza kitakudai msimu mzima. Soksi mbili, ya ndani uivae kinyume ili mshono usichune ngozi. Kabla ya mazoezi mchezaji asile fufu, ule ugali wetu wa muhogo, akajaza tumbo. Mpe zile ndizi ndogo tamu, kamaramasenge, mbili au tatu. Maji anywe kabla kiu haijampata. Na njia ya kukimbilia ichagueni kwa akili na kwa heshima. Zamani tulikuwa tukikimbia kwenye barabara ya Kanyaruchinya, hewa nzuri, mwinuko wa polepole. Wakimbizi wa vita walipojaa kule na maturubai yao tuliacha. Hukimbii kutafuta pumzi mbele ya mtu aliyekimbia kuokoa watoto wake. Mchezaji mmoja ndiye aliyesema neno hilo kabla yangu, na niliona haya kwamba halikutoka kinywani mwangu.

Sasa niwaambie kosa kubwa. La magoti lilikuwa la kuchekesha. Hili pia linachekesha, lakini kuna mtu lilikuwa karibu kumharibia njia.

Mfadhili mmoja alituletea mizani, ile ya kioo ya kusimama juu yake, inayoandika kilo kwa namba nyekundu. Jamani, niliipenda. Niliifunika kwa taulo. Nilinunua daftari jipya kwa ajili yake. Siku ya mwisho ya msimu niliwapima wasichana wote, hata majeruhi, kwenye chumba chetu cha kubadilishia nguo, nikaandika kila jina na kilo zake, nikawaambia: mtarudi na kilo hizi hizi, mizani haina mjomba.

Likizo ikapita. Siku ya kwanza ya maandalizi, badala ya kusimama chini ya ngazi na chai yangu, nilikuwa chumbani napangusa kioo. Lishikeni hilo, nitalirudia. Wasichana waliingia mmoja mmoja. Wa kwanza kaongezeka kilo nne. Wa pili, tano. Wa tatu, nne na nusu. Nikaanza kutoka jasho mimi ambaye sikuwa nakimbia. Akaja Neema, mgawa mipira wetu, mwembamba kama ufito, ambaye alikuwa ameugua tifoidi likizo nzima na suruali aliifunga kwa kamba. Mizani ikasema kaongezeka kilo tatu.

Mwenye akili angesimama hapo. Mimi nilimwambia, "Dawa za tifoidi zinaletaka unene," nikaandika.

Wa mwisho alikuwa Masika, jina ambalo Wanande humpa binti wa kwanza. Ndiye pivo wetu, yule mrefu anayekaa chini ya kikapu na kusukumana na warefu wenzake. Mwaka uliotangulia alikuwa ameukosa msimu mzima kwa ajili ya goti, na huu ndio ulikuwa mwaka wa kurudi au kusahaulika; leseni za ligi zilikuwa kumi na mbili tu, wasichana kumi na watano, na baba yake alikuwa ameshasema kwamba kama jina halimo safari hii, michezo imekwisha, atamsaidia mama yake dukani. Alipanda juu ya mizani akitabasamu. Kilo sita.

"Masika! Ulikuwa unakula nini?"

"Nilikuwa kwa tate, Papa, kule Butembo. Tulikuwa tunabeba viazi..."

"Munabeba ao munakula?"

Wenzake walicheka, naye akashuka kwenye mizani. Tate ndiye bibi yake. Hakumaliza kunieleza, nami sikumwacha amalize. Nikapiga marufuku fufu kwa timu nzima, nikaongeza mbio, na Masika nikampa amri yake peke yake: sahani nusu mara moja kwa siku, mpaka kilo sita ziondoke. Alitii. Huo ndio ubaya wa watoto wazuri, wanatii hata mjinga.

Siku zikaenda. Kilo zilipungua kidogo, lakini Masika alipungua sana. Mipira ya kurudi kutoka kwenye ubao, ambayo zamani alikuwa akiichukua kama mtu anachuma parachichi, ikawa inampita. Alisukumwa na wasichana waliomfika begani. Mimi nikaona ushahidi: unaona, uzito! Alhamisi nikamwambia Kocha Aline, ambaye orodha yake ya leseni ilitakiwa Jumamosi saa sita mchana, "Masika mufute. Iko muzito, na bado iko mulegevu." Kocha alirudisha kalamu sikioni mwake. Alisema atangoja mpaka Jumamosi asubuhi.

Ijumaa, tukiwa katikati ya mazoezi, mama mmoja alishuka zile ngazi kumi na nne na sufuria iliyofungwa kwa kitenge mkononi na kifuko cha maharage kichwani, bila kukishika. Hakuangalia chini hata mara moja. Alikuja moja kwa moja kwangu.

"Ni weye njo Prepa?"

"Ni miye, mama."

"Miye ni Mama Masika. Mutoto yangu anakatala chakula yangu siku kumi na mbili. Nilimuuliza kama iko mugonjwa, anasema hapana. Nilimuuliza kama iko na mimba, akalia. Njo leo ameniambia ni weye ulimukataza. Sasa unieleze."

Mazoezi yalisimama. Wasichana wote walijifanya wanafunga viatu.

"Mama, alirudia na kilo sita zaidi. Siyo miye nasema, ni mizani."

"Mizani?" Uso wake ulibadilika, kama fundi aliyesikia jina la chombo chake. "Niko nauzisha maharagi tangu sijaolewa, Butembo mpaka hapa. Mizani naijua kuliko weye unajua basketi. Nionyeshe."

Nilimpeleka chumbani, kifua mbele. Alitua kifuko chake juu ya kioo. Asubuhi ile alikuwa amekipima kwa ajili ya mteja, kilo kumi kamili, na mizani ikaandika kumi. Nilishindwa kuficha meno.

"Unaona, mama? Haidanganyake."

"Leo haidanganye. Na mbele ya konje, mbele ya hii likizo, ulibapimia wapi?"

"Hapa hapa."

"Hapa hapa, juu ya hii simenti?"

Vijana, hapo ndipo nilipoangalia chini. Likizoni klabu ilikuwa imetia simenti kwenye chumba kile. Mimi mwenyewe nilisaidia kubeba maji. Kabla ya hapo sakafu ilikuwa lava tupu na mabonge yake yote, tumeitandikia zulia la plastiki lenye maua. Mizani niliiweka juu ya maua.

Mama Masika hakusubiri jibu. Aliibeba ile mizani mpaka nje, chini ya ngazi, akapapasa ardhi kwa mguu mpaka alipopata jiwe lililotoa nundu, akaiweka juu yake, akamwita binti yake.

"Panda, mama."

Masika akapanda. Namba nyekundu zikahangaika, zikatulia. Msichana alikuwa amepunguza kilo sita kwa kutembea hatua kumi.

"Tumbo ya mizani imekaa ku jiwe," mama alieleza, polepole, kwa ajili yangu. "Kilo zingine ni jiwe inabeba, haziende ku mizani. Ku soko, mutu akikupimia hivi ni mwizi. Weye ulijiiba weye mwenyewe." Halafu akairudisha kwenye simenti na kuniambia, "Sasa panda na weye." Nikapanda. Iliandika jambo ambalo sitaliandika hapa. Neema alichungulia juu ya bega langu akasema kwa sauti ya daktari, "Papa, ni dawa ya tifoidi."

Walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi pia nilicheka, kisha nikamwona Masika, nikaacha. Alikuwa amefungua sufuria kwenye benchi, fufu, maharage na sombe ya majani ya muhogo, anakula kwa pupa, machozi yanashuka na hayafuti. Mama yake alikuwa amesimama nyuma yake, mkono kichwani mwake. Nilimlaza mtoto huyu njaa siku kumi na mbili kwa ajili ya jiwe. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, na hata leo nikiandika masikio yanapata moto.

"Likizoni mulikuwa munabeba nini, Masika?" nilimwuliza, nikachuchumaa mbele yake.

"Viazi, Papa. Toka ku shamba ya tate mpaka ku barabara. Kamba ku paji ya uso, kapo ya viazi ku mugongo. Kushuka, kupanda, kushuka. Nilikuwa nakuambia."

"Ulikuwa unaniambia," nilisema. "Unisamehe."

"Papa, ni nyota tu nilikuwa naona kwa njaa," akasema, akacheka na mdomo umejaa.

Mama yake alinikabidhi mfuniko wa sufuria ukiwa na tonge na mboga. "Kula na weye. Batu ya Bukavu munajua maneno mingi, lakini mukiwa na njaa hamuone." Nilikula. Kwa huyo mama hukatai.

Jumamosi asubuhi nilisimama mbele ya timu na daftari langu. Nilisema kosa lote, bila kulipunguza, halafu nikachana zile kurasa. Haikuwa rahisi, nilikuwa mtu wa majivuno, bado niko. Kocha Aline alikunja mikono.

"Papa, juzi uliniambia nimufute. Leo unaniambia nimuandike. Jana tu mutoto alikuwa anaanguka. Nisadiki kipimo gani?"

Alikuwa na haki. Wasichana wengine watatu walikuwa wakingoja nafasi hiyo hiyo, na hawakuwa wamekosa lolote. Niliangalia uwanja, niliangalia ubao, na hapo ndipo nilipokumbuka kitu nilichokuwa nakijua kabla ya mizani kuzaliwa. Siku ile ya kwanza sikuwa nimesimama chini ya ngazi. Sikumwona Masika akishuka.

"Ashuke ngazi," nilisema.

"Ngazi?"

"Pamoja na maharagi ya mama yake."

Mama Masika alikuwepo, bila shaka alikuwepo, nani angemfukuza? Masika alipanda juu barabarani. Mama yake alimfunga kile kifuko mgongoni, kamba ikapita kwenye paji la uso. Nilimwita Kocha asimame pale ninaposimama mimi, nikamwambia asiangalie miguu, aangalie kichwa.

Alishuka. Siku kumi na mbili za ujinga wangu zilikuwa bado mwilini mwake, mashavu yalikuwa yamebonyea, lakini mapaja yalikuwa ya bibi yake. Hatukusikia kiatu. Magoti yote mawili, hata lile la zamani, yalipokea uzito bila kutikisika, na kichwa kilikuja chini moja kwa moja, kama cha mama yake jana yake. Ngazi kumi na nne. Akaweka mguu uwanjani, akasimama.

Kocha alifungua orodha yake. Alichukua kalamu sikioni mwake akaandika. Masika aliona mkono ukitembea kwenye karatasi, nusura amwangukie mama yake kichwani, kwa jinsi alivyomrukia na kifuko mgongoni.

Alicheza msimu ule, na mingine mingi. Mizani ilibaki, sikuitupa. Kosa halikuwa lake. Ila nilipigilia ubao mmoja bapa wa kuiwekea, na kila siku ya kupima tulianza kwa kifuko cha maharage cha kilo kumi, nacho kilikuwa kipimo chetu mpaka panya walipotuzidi akili. Na sikumpima mtu tena kabla ya kumwangalia akishuka.

Mimi nimestaafu sasa, magoti yamechoka. Prepa wa timu ile leo ni Masika. Anazo zile saa za mkononi, anayo simu inayochora mistari, na anayo kamba moja ya mpira ya Muzee Bisimwa, ambayo muzee aliniachia mimi, nikampa yeye.

Mwezi uliopita, siku ya kwanza ya maandalizi, nilikwenda kuwasalimu. Nilifika juu ya ngazi, nikashika ukuta, nikaanza kushuka pole, kisigino, kisigino, nikikohoa kidogo kwa sababu ya vumbi. Nilipofika ya saba niliinua macho. Masika alikuwa amesimama pale chini, kikombe cha chai mkononi, anaangalia moshi wa Nyiragongo. Hakunisalimu mpaka nilipokanyaga ya mwisho.

"Karibu, Papa," alisema, bado anaangalia mlima. "Kesho, saa kumi na mbili ya asubui. Tunaanza polepole. Usikule fufu."